Pesa ya Mbao za Mafinga Inapotelea Wapi

Tukizungumzia misitu ya kupandwa hapa Tanzania, mazungumzo huanzia kwenye miche na kuishia kwenye miche. Sina ugomvi na miche. Ila Nyanda za Juu Kusini miti imeshapandwa. Shamba la Miti Sao Hill, pale Mufindi karibu na mji wa Mafinga, lina eneo la zaidi ya hekta 135,000. Majaribio ya kwanza yalifanyika 1939, na upandaji mkubwa ukaja miaka ya 1960 na 1970. Kulizunguka, kuanzia Kilolo hadi Njombe, Makete na Ludewa, wananchi wa kawaida wamepanda paina na milingoti kwenye mashamba ya ekari mbili, tano, ishirini, mpaka leo sehemu kubwa ya miti ya kupandwa ukanda ule ni yao. Mti tunao. Tunachokosa ni mbao inayostahili bei nzuri, na naamini hatutaipata kwa kupanda zaidi wala kwa kupiga marufuku. Tutaipata pale atakapotokea mnunuzi mkubwa anayekubali kulipa zaidi kwa mbao kavu, iliyonyooka na kupangwa daraja, na akashikilia hapo miaka kumi bila kuyumba. Mnunuzi wa kuanza naye ni serikali yenyewe.

Tuanzie shambani. Mbao nyingi za wakulima wadogo zinapasuliwa na dingdong, ile mashine ndogo ya msumeno wa duara inayoburutwa mpaka kando ya shamba. Inawekwa mahali palipo sawa, magogo yanasogezwa kwa mikono, vijana wawili wanasukuma, wengine wawili wanapokea upande wa pili, na kufikia jioni rundo la mbao limesimama pale ambapo asubuhi palikuwa na miti. Mashine hii nisingependa idharauliwe. Ndiyo iliyowafikia wakulima ambao kiwanda chochote kikubwa kisingewafuata, na imetoa ajira vijijini. Lakini angalia kinachobaki chini. Msumeno wake ni mnene, kila unapopita unakula mbao na kuigeuza vumbi, na kwa kuwa gogo linaongozwa kwa mkono, ubao huanza na unene mmoja na kuishia na mwingine. Kwa upasuaji wa namna hiyo, kinachotoka kama mbao ni kama theluthi moja tu ya gogo. Msumeno wa mkanda ulionolewa vizuri, kwenye gogo lenye unene wa kutosha, unaweza kukupa karibu nusu. Tofauti hiyo ndiyo faida yote ya mpasuaji, na kila siku inaachwa chini kwa umbo la mabanzi na vumbi ambalo mara nyingi huishia kuchomwa moto papo hapo.

Halafu kuna maji. Paina iliyopasuliwa leo inaweza kuwa na maji mengi kiasi kwamba uzito wa maji unakaribia au hata kuzidi uzito wa mbao yenyewe. Mbao hiyo hiyo, jana ikiwa mti, leo inapakiwa kwenye lori, inafunikwa turubai na kushushwa Dar es Salaam. Njiani mfanyabiashara amelipa mafuta ya kusafirisha maji ya Mufindi zaidi ya kilomita 500. Chini ya turubai, kwenye joto na unyevu, kuvu inaanza kazi, na ukifungua mzigo unakuta madoa ya buluu yamesambaa kwenye ubao mweupe. Ikifika Buguruni inapangwa juani bila vijiti vya kuitenganisha, upande mmoja unakauka kabla ya mwingine, na mbao inapinda. Fundi anaijua hali hii vizuri: ananunua mbao za kenchi leo na kuzipigilia leo, kwa sababu anajua akizilaza nje wiki mbili hazitakaa sawa tena. Zinakaukia juu ya paa, na paa ndilo linalopinda.

Kukausha si teknolojia ya ajabu. Ni banda lenye paa, sakafu iliyoinuliwa kutoka chini, vijiti vyenye unene mmoja kati ya kila safu, uzito juu ya rundo, na wiki kadhaa za subira. Upepo wa Mufindi unafanya sehemu kubwa ya kazi bure. Kwa mbao ya samani, inayotakiwa kushuka mpaka asilimia 12 hivi ya unyevu, utahitaji tanuri la kukaushia, ambalo ni ghali. Lakini mbao ya kupaulia haihitaji tanuri. Mbona basi wapasuaji wengi hawafanyi hata hilo la banda?

Hawafanyi kwa sababu hawalipwi. Sokoni mbao inauzwa kwa kipimo na kwa macho: mbili kwa nne ni mbili kwa nne, moja kwa nane ni moja kwa nane. Mwenye kukausha wiki sita na mwenye kupasua juzi wanasimama kwenye meza moja, na mnunuzi anawauliza bei moja. Aliyekausha amefunga mtaji wake wiki sita, pengine mtaji wa mkopo, na mbao zake zimesinyaa kidogo kiasi kwamba zikilazwa kando ya mbichi zinaonekana pungufu. Anaonekana yeye ndiye anayepunja! Mtu mwenye akili timamu akiona hivyo atauza mbichi, kesho na keshokutwa. Hata neno "zina dawa" limepoteza uzito. Mnunuzi anaonyeshwa mbao zenye rangi ya kijani na kuambiwa zimetiwa dawa, lakini kama zilichovywa dakika chache kwenye pipa au zilishindiliwa dawa kwenye mtambo wa presha, macho hayawezi kumwambia. Shirika la Viwango Tanzania lina viwango vya mbao. Tatizo ni kwamba pale kwenye rundo, baina ya muuzaji na fundi, hakuna mtu anayeviuliza.

Bei hiyo ya macho inarudi moja kwa moja mpaka kwa mkulima. Paina inayotakiwa kutoa mbao nzuri inahitaji miaka kati ya 18 na 25, ipogolewe matawi kwa wakati, ipunguzwe ili iliyobaki inenepe. Mkulima wa Njombe au Ludewa anavuna miti ikiwa na miaka minane, kumi, kumi na miwili. Tumezoea kumlaumu kwamba hana subira. Lakini dalali anakuja shambani, anatembea mle ndani nusu saa na kutaja bei ya ekari nzima kwa kukadiria. Hapimi ujazo, wala hajali kama miti imepogolewa. Mti mnene usio na vifundo unalipwa kidogo tu zaidi ya mwembamba wenye vifundo tele. Ada ya shule imefika, mama mgonjwa, na kila mwaka anaosubiri ni mwaka mwingine wa hatari ya moto, maana moto wa kiangazi kule unateketeza mashamba ya watu na ya serikali bila kuchagua. Kuuza mapema kwa hesabu hizo si ujinga. Na sasa kuna parachichi, linaloanza kuzaa ndani ya miaka michache na kulipa kila msimu. Wapo Njombe waliovuna paina na kung'oa visiki ili wapande parachichi. Nisingewashauri vinginevyo mpaka bei ya mti ibadilike.

Kwa hiyo kila mmoja anamsubiri mwenzake: mkulima hasubiri mti ukomae kwa sababu mpasuaji halipii unene, mpasuaji hakaushi kwa sababu duka halilipii ukavu, na duka halilipii kwa sababu fundi na mwenye nyumba hawana njia ya kutambua. Semina haitavunja mzunguko huu. Wakulima wa mradi wa Panda Miti Kibiashara, uliofadhiliwa na Finland na serikali yetu kuanzia 2014, walifundishwa mbegu bora, nafasi za kupandia na kupogoa, na kazi hiyo ilifanyika vizuri. Ila mafunzo hayawezi kumlipa mtu miaka kumi ya ziada ya kusubiri.

Kuna ushahidi wa hapa hapa nyumbani kwamba mnunuzi mmoja mwenye masharti anaweza kubadilisha kila kitu, nao ni nguzo za umeme. Usambazaji wa umeme vijijini uliposhika kasi chini ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na serikali ilipoelekeza TANESCO na wakandarasi wanunue nguzo za ndani badala ya kuagiza nje, Mafinga, Makambako na Njombe zilibadilika. Nguzo hainunuliwi kwa macho. Ina urefu unaojulikana, unene wa kichwani na unene wa mita 1.5 kutoka shinani, haitakiwi kupinda kupita kiasi, lazima ikaushwe kabla ya kuingia kwenye mtungi wa presha, na dawa lazima ifike ndani kwa kina kinachopimika. Mnunuzi ana haki ya kuikataa, na anaikataa. Matokeo yake? Watu walijenga mitambo ya kutia dawa. Viwanja vya kukaushia vikatandazwa. Mkulima wa milingoti, huyo huyo tunayemwambia hana subira, akajua kwamba mti ulionyooka na kufikia kipimo cha nguzo una bei yake na uliopinda unakwenda kuwa kuni au mirunda, na akaanza kuutunza kwa bei hiyo. Aliona tofauti ya fedha mkononi.

Nguzo zinatufundisha na upande wa pili. Miaka ya karibuni TANESCO imekuwa ikiongeza matumizi ya nguzo za zege. Zipo sababu za kiufundi, hasa kwenye maeneo ya maji na mchwa, nami sizipingi. Lakini mtu aliyekopa kujenga mtambo na mkulima aliyepanda milingoti kwa ajili ya soko hilo walistahili kuambiwa mapema, kwa maandishi, ni nguzo ngapi za mti zitahitajika kwa miaka mitano ijayo. Mti haujui mabadiliko ya ghafla ya sera. Ukishaupanda umefunga mkataba wa miaka kumi na soko ambalo halijaweka saini.

Nasikia hoja kwamba suluhisho ni kiwanda kikubwa. Tumeshapita njia hiyo. Mwaka 1971 tuliunda TWICO, shirika la umma la viwanda vya mbao, likawa na viwanda kuanzia Tanga hadi Sao Hill: mbao za kawaida, chipubodi ya Tembo kule Mkumbara, fibabodi ya Arusha. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikafuata katikati ya miaka ya 1980, kikubwa kuliko vyote, kikasimama miaka ya 1990, kikaja kufufuliwa baada ya kubinafsishwa. Sababu za kuanguka kwa viwanda vile ni nyingi, uhaba wa fedha za kigeni kwa vipuri ukiwemo. Lakini somo ambalo bado halijatuingia ni kwamba kiwanda kikubwa kinahitaji malighafi ya uhakika kwa miaka mingi na soko linalotofautisha mbao na mbao. Kwa muda mrefu wapasuaji wengi waliotegemea Sao Hill waliishi kwa mgao wa miti ya kuvuna wa mwaka mmoja mmoja. Nani ataagiza msumeno wa mkanda na tanuri la mamilioni ya shilingi wakati hajui mwakani atapewa meta za ujazo ngapi, au kama atapewa kabisa? Mgao wa mwaka mmoja huzaa mashine ya mwaka mmoja. Mikataba mirefu ambayo Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) umekuwa ukiwapa wenye viwanda vikubwa ingefaa iwafikie na wa kati, kwa sharti kwamba wawe na banda la kukaushia linaloonekana kwa macho, siyo kwenye andiko la mradi tu.

Wengine wanasema tuzuie magogo yasitoke nje. Tulishazuia. Baada ya Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji kufunguliwa 2003, misitu ya asili ya Rufiji, Kilwa na Lindi ilifunguka ghafla kwa malori, na 2004 serikali ikapiga marufuku kusafirisha magogo nje. Ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuhusu biashara ile ilionyesha kwamba forodha ya China ilirekodi mazao ya misitu kutoka Tanzania mara kumi ya yale yaliyokuwa kwenye rekodi zetu wenyewe. Marufuku isiyo na mzani bandarini na mwenye mamlaka msituni ni karatasi tu. Huko huko Kilwa, wanavijiji waliomilikishwa misitu yao kisheria na kufundishwa kuisimamia walipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, mwaka 2009, na vijiji vyao vikaanza kulipwa kwa mpingo mara nyingi zaidi ya walivyokuwa wakiambulia zamani. Waliolinda msitu ni wenye msitu, baada ya kuona thamani yake.

Gabon hutajwa sana kwenye mijadala hii, na ina haki ya kutajwa. Ilizuia magogo kupelekwa nje kuanzia 2010 na leo ni muuzaji mkubwa wa vinia, zile shuka nyembamba za mbao, barani. Ila wanaoitaja husahau nusu ya habari: sambamba na marufuku ilijengwa Nkok, kilomita 27 hivi nje ya Libreville, eneo maalumu la viwanda ambamo mwenye kiwanda alikuta umeme, barabara, vibali na forodha mahali pamoja. Mwenye gogo alikuwa na pa kulipeleka. Ukinyakua marufuku ukaacha Nkok, unabaki na magogo yanayooza au yanayotoroshwa.

Vinia yenyewe sisi tunayo. Mafinga na miji ya jirani ina viwanda vingi, vingi vikiwa vya wawekezaji kutoka China, vinavyomenya gogo la mlingoti kama mtu anavyofungua karatasi iliyoviringishwa, kisha shuka hizo nyembamba zinaanikwa juani, uwanja mzima ukiwa mweupe. Vimesaidia, kwa sababu vinanunua magogo membamba ambayo msumeno hauyapendi. Vingine vinafika mpaka plaiwudi. Lakini shuka inapoondoka ikiwa shuka, gundi, joto na presha vinaongezwa kwingine, na bei ya mwisho inabaki kwingine. Wakati huo huo fundi wa zege hapa mjini anaulizia marinebodi, plaiwudi ya kumwagia zege, na mara nyingi anapewa iliyovuka bahari. Hapo ndipo ningetaka misamaha ya kodi ielekezwe: kwa anayegundisha, na isiishie kwa anayemenya. Gundi na mashine za kukandamiza ziingie kwa unafuu, na unafuu huo uondoke kama baada ya muda uliowekwa bado anauza shuka tupu.

Sasa niseme serikali inunue nini. Mwaka 2016, kwenye kampeni ya madawati ya Rais Magufuli, tulionyesha kwamba nchi hii inaweza kuhitaji mbao nyingi mno kwa mkupuo, na zikapatikana. Madawati yalitengenezwa, watoto wakaacha kukaa chini, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kwa kuwa kilichohesabiwa kilikuwa idadi, mbao mbichi ilitosha. Fikiria zabuni zile zingeandika mstari mmoja tu: unyevu wa mbao usizidi asilimia 18, upimwe siku ya kupokea. Kifaa cha kupimia unyevu kinaenea mfukoni. Unachoma pini mbili kwenye ubao na namba inatokea. Mwalimu mkuu angeweza kukitumia. Kila halmashauri ingekuwa na kifaa hicho, na kila fundi aliyetaka kazi angemwambia muuzaji wake: leta kavu, au sinunui.

Kila mwaka serikali inajenga madarasa, vituo vya afya, nyumba za watumishi. Kila jengo lina kenchi, milango, fremu, meza, makabati. Yaandikwe masharti matatu kwenye kila zabuni ya mbao: unyevu, daraja na uthibitisho wa dawa kutoka mtambo unaojulikana. Bei ya kukadiria iongezwe ili iendane na masharti hayo, maana kudai mbao kavu kwa bei ya mbichi ni kumfundisha mtu kudanganya. Mpasuaji ambaye halmashauri inamlipa kwa siku 30, siyo kwa mwaka mmoja na nusu, atapata hata benki ya kumsikiliza. Deni la serikali lisilolipwa limeua karakana nyingi kuliko samani za kutoka nje, na kila mwenye karakana Keko, Dar es Salaam, anaweza kukusimulia.

Patahitajika watu. Tunacho Chuo cha Viwanda vya Misitu pale Moshi, na kituo cha mafunzo cha Mafinga, na Sokoine Morogoro. Mtu adimu kuliko wote kwenye mnyororo huu ni mnoa misumeno, yule anayejua kunyoosha mkanda, kupanua meno na kusoma sauti ya msumeno uliochoka. Msumeno butu wa mkanda hauna faida yoyote juu ya dingdong. Ningependelea TFS na SHIVIMITA, shirikisho la wenye viwanda, wagharimie vijana hamsini wa kunoa kabla ya kuzindua mashine nyingine yoyote.

Kuna na la Kenya. Walipositisha uvunaji kwenye misitu yao ya serikali mwezi Februari 2018, wanunuzi wao walikuja kwetu na soko likachangamka. Julai 2023 Rais Ruto alitangaza kuondoa zuio hilo. Soko lililotegemea zuio la jirani linaweza kuondoka na tangazo la jirani. Mnunuzi wa Nairobi mwenye kiwanda cha samani atabaki kwetu kama atapata mbao kavu ya kipimo kimoja, mzigo baada ya mzigo. Mbichi iliyopinda anaweza kuipata karibu na kwake.

Paina zilizopandwa mwanzoni mwa mradi ule wa 2014 zimefika umri ambao dalali huanza kubisha hodi. Wenye nazo wamejiunga kwenye vyama vya wakulima wa miti, na vyama hivyo vina umoja wao, TTGAU. Wakiuza sasa, tutapata mbao nyembamba zenye vifundo na ardhi itakayokwenda kwenye parachichi. Wakisubiri miaka minane zaidi, tutapata magogo ambayo viwanda vyetu havijawahi kuyaona kutoka kwa mkulima mdogo. Serikali ikitaka wasubiri, iwaambie kabla ya msimu huu wa uvunaji kwisha ni meta za ujazo ngapi itanunua kila mwaka, kwa daraja gani, kwa bei gani, na iweke saini.